Moshi Uleule, Majalada Mawili

Wakulima wa mpunga wa Ndungu, wilayani Same, hutegemea maji ya Mto Yongoma yanayotelemka kutoka milima ya Upare. Huko juu, wachimbaji haramu wa dhahabu wamewahi kuuvamia msitu wa Chome, na wachimbaji wadogo wengi nchini hunasa dhahabu kwa zebaki. Tuseme siku moja maji hayo yakashukiwa kuwa na sumu. Wakili wa mkulima atafungua TanzLII, kanzidata ya bure ya hukumu za Tanzania. Atafute nini?

Akiandika “zebaki” pekee, atayakosa mashauri mawili ambayo kila wakili wa mazingira anapaswa kuanza nayo. Joseph Kessy na wakazi wenzake wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo, katika Shauri la Madai Na. 299 la 1988. Jiji lilipoomba muda zaidi wa kumwaga taka, Jaji Lugakingira aliegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Dampo likahamia Kunduchi Mtongani. Huko nako Festo Balegele na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, Shauri Na. 90 la 1991, wakiomba uamuzi wa Jiji ubatilishwe. Moshi uleule, mdaiwa yuleyule. Lakini anayepanga kwa matawi ya sheria ataliweka la kwanza kwenye kero na la pili kwenye mapitio ya maamuzi ya serikali.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila hukumu ibebe alama kadhaa kwa pamoja: sumu yenyewe, ilikopita (maji, hewa au udongo), ilikotoka, haki iliyodaiwa, amri iliyotolewa, na ushahidi uliokubaliwa.

Ipo alama nyingine inayosahaulika, nayo ni hatima ya hukumu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda Julai 2020 na kupewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Juni 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kanzidata iliyoishia 2023 ingemwambia mkulima wa Ndungu kwamba watu kama yeye hushindwa, na huo ni upotoshaji mkubwa. Hukumu ya Kenya hailazimishi mahakama za Tanzania, lakini hoja zake zinaweza kumshawishi jaji, na vipimo vya damu vya Owino Uhuru vinamwonyesha mkulima aina ya ushahidi wa kukusanya.

Kisha mashauri yaliyofunguliwa kabla madhara hayajatokea yapewe alama yao wenyewe. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani hata pale haki yake ya mazingira safi inapotishiwa tu. Kwa mkulima anayeshuku maji yake leo, hilo ndilo kundi la kufungua kwanza.