Wiki Mbili za Jasho, Mwezi Mmoja wa Maji

Mtu wa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, akishuka Mombasa mwezi wa Machi hulakiwa na jasho kabla ya mwenyeji wake. Shati limemganda mgongoni, usingizi hauji, chakula hakipandi. Mwenye likizo ya siku tatu huondoka akiamini kwamba Pwani haikaliki ila ndani ya maji. Aliyekuja kukaa miezi miwili huona mengine, maana mwili wake una muda wa kubadilika.

Siku chache za mwanzo, maji ya damu huongezeka, na moyo unapata nafuu: hauhitaji tena kwenda mbio ili kuifikisha damu yenye joto kwenye ngozi. Kisha tezi za jasho hujifunza kazi upya. Zinaanza mapema, zinatoa jasho jingi zaidi, na jasho lenyewe linapungua chumvi kwa sababu tezi huirudisha mwilini kabla haijapotea. Kwa mtu anayetembea na kufanya kazi kwenye joto kila siku, mabadiliko haya huchukua siku 10 hadi 14. Anayejifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi kutwa nzima huyachelewesha mwenyewe.

Lakini jasho jingi peke yake halimpoozi mtu. Kinachochukua joto ni kukauka kwake: lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilojuli 2,400. Hewa ya Pwani tayari imejaa mvuke, kwa hiyo jasho huchuruzika na kuanguka chini bila faida. Hapo ndipo upepo unapokuwa dawa. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Mchana hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ya baharini huingia kushika nafasi yake. Upepo huo huifagia hewa yenye mvuke iliyoizunguka ngozi, na jasho hupata pa kwenda. Si ajabu, basi, kwamba jioni watu wa Mombasa humiminika Barabara ya Mama Ngina, pale panapoitwa Lighthouse, kukaa wakiielekea bahari.

Na hawakai mikono mitupu. Dafu na muhogo wa kukaanga uliopakwa chumvi, pilipili na ndimu ni jozi inayostahili kuangaliwa kwa jicho la maabara. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hupoteza sodiamu zaidi. Chumvi ya muhogo huziba pengo hilo. Pilipili nayo huamsha vipokezi vilevile vinavyouambia ubongo kwamba kuna joto, na mlaji hutokwa na jasho jipya, tena mahali penye upepo wa kulikausha.

Kahawa tungu ya Mji wa Kale, inayomiminwa moto kutoka kwenye dele hadi kwenye finjani, ina kisa kinachofanana na hicho. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, waliwapa waendesha baiskeli maji ya joto tofauti. Waliokunywa maji ya nyuzi 50 walibaki na joto dogo zaidi mwilini kuliko walipokunywa ya baridi, kwa kuwa kinywaji cha moto kiliongeza jasho. Sharti ni lilelile: jasho likauke. Finjani ya barazani, penye upepo, inafaa kuliko ya chumbani palipofungwa.

Somo la bahari ndilo refu zaidi, nalo linataka mwezi mzima. Mgeni huenda Nyali saa nne asubuhi akakuta maji yamejaa, akaogelea akafurahi. Wiki inayofuata anarudi saa ileile na kukuta mchanga mtupu, mwani na vidimbwi, bahari ikiwa mbali huko kwenye miamba. Hakukosea saa, alitumia saa isiyohusika. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini mwezi nao unasonga katika mzunguko wake, hivyo kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa siku saba hizo ni kama saa sita: kujaa kunageuka kupwa.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua. Mombasa, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na kivuko cha Likoni hukuta mteremko wa kupandia magari umekuwa mkali. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hupungua hadi mita moja hivi. Bamvua la hapa lina saa zake: hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne. Ndiyo maana mvuvi anayejua tarehe ya mwezi hahitaji jedwali.

Mgeni wa siku ya 40 naye ameanza kuishi hivyo. Jioni anauona mwezi mwembamba juu ya paa la jirani, wa tatu tangu uandame, anahesabu kidogo, na anajua kwamba kesho saa tano hivi maji yatakuwa mbali. Taulo analiacha ndani. Anatoa viatu vyake vya kutembelea vidimbwini na kuviweka mlangoni.