Mifupa, Papasi na Wapagazi: Mhakiki Ana Kazi Gani Igunga?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Igunga. Jioni moja tumekaa uani tunapukuchua mahindi, bibi akaniuliza hivi hasa huko chuoni nasoma nini. Nikamjibu: fasihi. Fasihi ndiyo nini? Nikaanza kujieleza: hadithi, nyimbo, mashairi, tunavichambua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa we mjukuu wangu, walikuja wale wa kuokota mawe kule mtoni. Wakaja wa miti. Wakaja wa kuuliza habari za sungusungu. Wote si wa vyuo? Na ninyi mlikuja lini?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta, na ndugu msomaji aniwie radhi nikimzungusha kidogo, maana safari yenyewe inapita kwenye mifupa, papasi na mbung'o kabla ya kufika kwenye mambo yetu.

Wengi wetu tunauchukulia utafiti wa kitaaluma kama mnada wa ng'ombe. Mwenye mitamba yuko kule, mwenye mitumba huku, muuza dawa za viroboto ana kipaza sauti chake, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Ukiangalia yaliyoandikwa juu ya Igunga na jirani zake utadhani kweli ni mnada. Mimi nadhani sivyo, au tuseme sivyo kabisa.

Tuanze na waokota mawe. Mto Manonga unatiririka kuelekea mbuga ya Wembere, ile ambayo basi la kutoka Singida huikata likishateremka mlima wa Sekenke. Kiangazi ni vumbi na nyufa, masika ni tope. Maji yake huenda Ziwa Kitangiri, yakipita hapo hufuata mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Karibu na mwaka 1930 wanajiolojia wa serikali ya kikoloni waliona mifupa iliyogeuka mawe katika bonde hili. Kisha mambo yakalala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaja Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake, na mwaka 1997 wakatoa kitabu kizima juu ya visukuku vya bonde la Manonga. Walichokuta ni samaki, kobe, viboko, nguruwe wa kale, farasi wenye vidole vitatu, na jamaa wa tembo ambao leo hawapo. Umri wake ni miaka kama milioni nne hadi milioni tano na nusu. Yaani pale bibi anapochungia mbuzi palikuwa ziwa.

Sasa kilichonivutia mimi si mifupa tu. Ni namna walivyoukadiria umri. Walilinganisha wanyama wa Manonga na wanyama wa aina hiyo hiyo waliopatikana mahali pengine Afrika ya Mashariki ambako miamba ilikwisha kupimwa umri. Nguruwe mwenye jino la namna hii ni wa zama hizi, kwa hiyo tabaka hili nalo ni la zama hizi. Hiyo, bwana, ni fasihi linganishi! Ndivyo nasi tunavyofanya tunapoutazama utenzi usio na tarehe: tunaangalia msamiati, vina, namna ya dibaji, tunalinganisha na tenzi ambazo tarehe zake tunazijua. Tofauti ni kwamba wao hawaoni aibu kusema wamekadiria.

Na matabaka yenyewe wakayapa majina: Ibole, Tinde, Kiloleli. Ni majina ya mahali, ya Kisukuma na Kinyamwezi, ambayo sasa mtaalamu wa miamba wa Japani au Marekani anayataja akizungumzia sehemu moja ya historia ya dunia. Kwa kazi yake hahitaji kuuliza jina hilo lina maana gani na nani alilitoa. Swali hilo limebaki pale pale njiani, linasubiri mtu.

Tuje kwa papasi. Hapa lazima tuondoke Igunga kidogo, tushuke kusini mpaka njia kuu ya misafara, ile ya Bagamoyo, Ugogo, Tabora hadi Ujiji. Papasi hakai mwilini mwa mtu kama chawa. Anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, usiku anatoka, anamnyonya aliyelala, anarudi ufani. Sasa fikiria kambi ya msafara: leo wamelala hawa, kesho wanalala wengine, papasi ni yule yule. Aliyeumwa anabeba mzigo wake na homa yake anaondoka navyo. Mwaka 1905 Robert Koch, yule tabibu maarufu wa Kijerumani, aliwachunguza papasi wa vituo vya misafara katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akaonyesha kuwa ndio wanaoeneza homa hiyo, na kwamba vijidudu vya homa hupita mpaka kwenye mayai ya papasi. Mwaka huo huo, upande wa Kongo, watafiti wawili, Dutton na Todd, walikuwa wanalifuatilia jambo hilo hilo. Dutton aliugua homa ile ile akafariki mwezi wa Februari, Kasongo.

Kasongo! Mwanafunzi wa Kiswahili akisikia Kasongo anamkumbuka nani kama si Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip? Huo ulikuwa mji wake Manyema. Naye akafariki Unguja mwaka huo huo wa 1905, mwezi wa Juni. Katika vitabu vya tiba Kasongo ni mahali alipofia mtafiti. Katika vitabu vya historia ni ngome ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Kwetu sisi ni mahali ndani ya maandishi ya Kiswahili, maana Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa hati za Kiarabu, Heinrich Brode akazigeuza hati za Kilatini na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Njia ni moja, watu ni wale wale, lakini katika maktaba vitabu hivyo viko ghorofa tatu mbalimbali.

Kwa hiyo si kweli kwamba tafiti hizi hazihusiani. Zinahusiana kwa mahali, ingawa wenyewe wanaozifanya hawajuani. Na kutojuana huku kuna gharama. Mfano ninaoujua zaidi ni wa Shinyanga, jirani zetu. Tangu miaka ya 1920 utafiti mkubwa pale ulikuwa wa mbung'o, chini ya C.F.M. Swynnerton. Kwa mtazamo wa taaluma ile kichaka ni maficho ya mbung'o, na mbung'o ni ndorobo kwa ng'ombe na malale kwa watu. Basi dawa mojawapo ikawa kufyeka. Swynnerton mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, lakini kufyeka kuliendelea. Halafu mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha miti iliyokwisha. Na wataalamu wa misitu walipokuwa wanahangaika na miche, wakagundua kuwa Wasukuma walikuwa na jambo lao siku zote: ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa masika ili majani na miti vipate nafasi, kisha linafunguliwa kiangazi njaa ya mifugo inapobisha hodi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimefufuliwa kwenye zaidi ya hekta 300,000. Utafiti mmoja ulikata, mwingine ukaotesha. Silaumu, malale yanaua. Nasema tu kwamba neno la kuotesha lilikuwepo katika lugha ya watu muda wote huo.

Wa sungusungu nawapita haraka, si kwa sababu hawana maana bali kwa sababu ndio wanaojulikana. Ray Abrahams, aliyewahi kuishi Unyamwezi kwa utafiti tangu miaka ya 1950, aliandika mwaka 1987 juu ya vikundi hivi vilivyozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Swali lake ni la mwanaanthropolojia: nani mwenye mamlaka kijijini, dola au wazee wenye mishale?

Sasa ninyi mlikuja lini? Kumbe tulikuja, bibi, ila kwa uchache. Mwaka 1988 Elias Songoyi aliandika tasnifu yake ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya msanii na dola, akiwalinganisha waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila. Mwaka 1992 Clement Maganga na Thilo Schadeberg walitoa kitabu cha Kinyamwezi chenye sarufi, matini na msamiati. Hizo matini zimekaa humo, wanaisimu wanazitumia kutafuta viambishi. Na mwaka 2010 Frank Gunderson, mtaalamu wa muziki, akatoa nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, zikiwemo za safari na za kulima. Wimbo mmoja wa wapagazi mwanahistoria atauuliza: ulikwenda lini, ulilipwa nini? Stephen Rockel ameyauliza vizuri sana katika kitabu chake cha 2006, mpaka tukaona kwamba mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa punda wa kubebeshwa bali mfanyakazi mwenye ujuzi, mwenye desturi za kazi, anayejua kugoma na kutoroka mkataba ukivunjwa. Mtu wa muziki atauliza mapigo. Mtu wa kilimo atauliza mbegu. Lakini nani atauliza kwa nini mwimbaji alisema jambo hilo kwa namna hiyo na si kwa namna nyingine? Hilo ndilo swali letu. Tusipouliza sisi hakuna wa kutuulizia.

Tatizo ni kwamba sisi nasi tumelifunga swali hilo ndani ya makasha. Dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kwisha. Nenda na makasha hayo kwa Tippu Tip uone. Mandhari ni haba kabisa. Hisia zake hazielezi, hata vita anaisimulia kwa sauti ile ile anayohesabia frasila za pembe na madeni yake. Kwa makasha yetu tutasema huyu si mwandishi. Lakini ukimsoma polepole unaona kwamba huo ukavu ni mtindo. Ni sauti ya mtu aliyezoea kutoa hesabu barazani mbele ya waliomkopesha, ambaye kila sentensi yake ni mizani. Vifo vya watu vinapita ndani ya hesabu hiyo bila kusimamishwa, na msomaji anapoanza kusumbuka kwa sababu hiyo, hapo uhakiki umeanza. Mwanahistoria hawezi kutufanyia kazi hiyo, yeye anataka tarehe.

Au chukua neno moja tu: hongo. Katika simulizi za safari alizozikusanya Carl Velten na kuzichapisha mwaka 1901, ile ya Selemani bin Mwenye Chande ikiwa mojawapo, hongo ni ushuru anaotoa msafara kwa mtemi ili upite nchini mwake. Unajadiliwa mchana kweupe, unapunguzwa, watu wanakasirika, wanalipa, ngoma inapigwa. Leo hongo ni rushwa, kitu cha chini ya meza. Mchumi atakwambia hiyo ya kwanza ilikuwa kodi. Sawa. Lakini ni lini ushuru wa mwenye nchi ukageuka dhambi ndani ya neno lile lile, na nani alikuwa anasimulia wakati huo, mtoaji au mpokeaji? Simulizi tulizonazo karibu zote ni za watoaji.

Nilipeleka pendekezo la utafiti juu ya maandishi haya. Nikaambiwa: "Hii si fasihi kijana, hii historia." Nikaenda kwa wa historia, wakaniambia nachunguza lugha, nirudi nilikotoka. Simtaji mtu, wala sina kinyongo, muhula wenyewe ulikuwa umebana. Lakini nilisimama koridoni na karatasi zangu nikafikiri juu ya kile kitabu cha visukuku. Ndani yake wamo wa miamba, wa meno ya nguruwe, wa samaki, kila mmoja na sura yake, na hakuna aliyeambiwa arudi alikotoka. Walikuwa na bonde moja, basi. Sisi tuna njia nzima kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Pendekezo naliandika upya. Nimelipunguza: neno hongo, simulizi zile za Velten, na nyimbo zozote za safari ambazo wazee wa Igunga bado wanazikumbuka. Bibi anasema mama yake alikuwa nazo. Juzi nilimpigia simu kumwomba tukae siku mbili tatu nirekodi. Akakubali, akasema nije baada ya mavuno, ila nisije na yale madodoso ya kuweka alama ya vema, maana wale wa miti walimjazisha kurasa sita na mpaka leo hajui walizipeleka wapi.