Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Nyumba ya msanii aliyefariki ina mtihani wake. Ukiifunga, mchwa huila. Ukiigeuza duka, jina la mwenyewe hupotea. Ukiihifadhi vile vile alivyoiacha, brashi pale na kiti pale, watu huingia wakinyata kama wapitao makaburini, kisha wakatoka wasiwe na la kusema.

Katika miji kadhaa ya Ulaya imejaribiwa njia nyingine. Wasanii walio hai hualikwa waje waonyeshe kazi zao mumo humo alimochora au alimochonga marehemu. Wako walipendao jambo hili, na wako walilaumuo kuwa ni kumvunjia mwenye nyumba heshima. Mimi nilikuwa miongoni mwa walaumuo, hata nilipojaaliwa kufika katika nyumba moja ya London. Nayo, ndugu msomaji, si ngeni sana kwetu watu wa pwani, kama utakavyoona.

Nyumba hiyo iko Holland Park Road, upande wa Kensington. Mwenyewe alikuwa Frederic Leighton, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1830 akafa mwaka 1896, na ambaye tangu mwaka 1878 alikuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Uingereza. Ujenzi ulianza miaka ya 1860 chini ya msanifu George Aitchison. Leighton hakuoa, na nyumba yote ile kubwa ina chumba kimoja tu cha bwana kulala. Pahali pakubwa hasa ni juu, kwenye studio yake, penye dirisha pana lililoelekea kaskazini, kwa kuwa mwanga wa upande huo hautangitangi na jua.

VIGAE VYA SHAMU

Chini ya nyumba hiyo kuna Ukumbi wa Waarabu, uliojengwa baina ya mwaka 1877 na 1881 kwa kufuata jumba la kale la La Zisa lililoko Palermo, Sicily. Una kuba la dhahabu, chemchemi katikati ya sakafu, na kuta zilizofunikwa vigae vya buluu na feruzi. Vingi vya vigae hivyo vilifinyangwa Damascus yapata miaka 400 iliyopita. Mtu wa kwetu, aliyezoea kuona bakuli za kaure ndani ya zidaka za nyumba za kale, hahitaji kufunzwa uzuri wake.

Lakini vilifikaje London? Baadhi Leighton alivinunua mwenyewe katika safari zake za Mashariki. Vingine alitafutiwa na rafiki zake, mmoja wao akiwa Richard Burton. Ndiye yule Burton aliyeshuka Unguja Desemba 1856, akaja Mombasa Januari 1857, kisha akaingia bara pamoja na Speke hata wakalifikia Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Baadaye serikali yake ilimweka Damascus kuwa balozi mdogo, toka mwaka 1869 hadi 1871. Huko ndiko alikomwandikia Leighton kwamba yu tayari hata kumbomolea nyumba ya watu ili apate vigae. Taabu ni kuipata nyumba iliyo navyo! Yamkini alikuwa akifanya mzaha. Hata hivyo, ni mzaha unaotuonyesha vitu hivi vilivyokuwa vikitafutwa.

Nilisimama ukumbini kwa muda. Watalii walikuwa wakitazama juu na kusifu maua. Nami nilitazama juu, nikaona maandishi, na midomo ikaanza kutikisika yenyewe: ni mwanzo wa Sura ya Ar-Rahman, niliyoihifadhi nikiwa mtoto nimekaa mkekani na ubao mapajani. Mwalimu wetu hakuruhusu hata kipande cha karatasi chenye herufi kikanyagwe. Akisema neno likiandikwa lina haki yake. Basi wenzangu pale waliona ua, nami nikaona neno. Nikajiuliza, neno likitolewa kwao na kubandikwa ukuta wa mtu mwingine, likawa pambo, nani atalisoma?

KUJIBIZANA

Kwa fikira hiyo nilipanda upande mpya wa nyumba, uliofunguliwa Oktoba 2022 baada ya ukarabati mkubwa. Hapo pana ngazi ya mzunguko, na ukuta wake umechorwa kwa mkono toka chini hata juu, urefu wa mita 11. Kazi hiyo ni ya Bi Shahrzad Ghaffari, msanii mzaliwa wa Iran, naye ameiita jina lenye maana ya Umoja. Ameijenga juu ya maneno ya Rumi, mshairi wa Kiajemi wa karne ya 13. Rangi yake kuu ni feruzi, ile ile ya vigae vya ukumbini.

Nilijaribu kuisoma kwa mazoea ya chuoni, nikashindwa. Herufi zimenyoshwa na kupindwa hata zimekuwa kama mawimbi yanayopanda ngazi pamoja na mtu. Hasira ikanipanda kidogo: kumbe huyu naye amelifanya neno kuwa pambo! Nikashuka, nikapanda tena. Mara ya pili ndipo nilipofahamu.

Sisi washairi tuna jina la jambo hili, nalo ni kujibizana. Mwenzako akikutungia, humjibu kwa kuyakariri maneno yake; huo ni ukasuku. Wala humjibu kwa kuziacha bahari na vina vyake ukaenda zako. Huko ni kumpa mgongo. Desturi ni kuchukua vina na mizani yake, kisha ukatia fikira iliyo yako. Bi Ghaffari amechukua kina cha nyumba, yaani rangi ya feruzi na khati, akasema lake. Vigae vya chini vililetwa na mtu aliyekwenda kwao kuvitafuta. Ukuta wa juu umechorwa na mtu wa Mashariki aliyealikwa kwa jina lake, na jina lake linatajwa. Mafundi wa Damascus hatuwajui hata mmoja.

Wala si yeye peke yake. Samani mpya za nyumba hiyo ziliundwa Amman, Jordan, na mafundi ambao miongoni mwao ni wakimbizi wa Syria, nchi ile ile vilikotoka vigae. Na tangu mwaka 2010, katika tamasha liitwalo Nour, nyumba hiyo ilikuwa ikiwapokea wasanii wa leo wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini.

Wanaosema kwamba haya yanamkera marehemu wanasahau desturi ya zama zake. Kila mwaka, kabla picha hazijapelekwa kwenye maonyesho makuu ya Chuo cha Kifalme, wachoraji wa London walikuwa wakizifungua studio zao Jumapili moja, watu wakaingia kutazama kazi ambayo rangi yake haijakauka vyema. Studio ya Leighton ilikuwa mojawapo ya zilizotembelewa sana. Alipokufa, mali yake ikanadiwa mwaka huo huo, zikabaki kuta. Kuiletea nyumba hiyo kazi mpya ni kuirudishia ada yake.

Hata hivyo, nina onyo. Mgeni asitumiwe kama udi wa kufukizia nyumba ili harufu ya yaliyopita isisikike. Mwalikeni msanii, mpeni ukuta, lakini suala la vigae vilivyotolewa Damascus lisemwe wazi wazi, mumo humo ndani ya nyumba.

NA SISI JE?

Milango yetu ya nakshi imeng'olewa mingi ikauzwa ng'ambo. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na tunashukuru. Lakini tunahifadhi nyumba za matajiri na ngome za wafalme. Karakana ya fundi mchonga milango je? Akifa, patasi hugawanywa, kibanda hukodishwa, na baada ya mwaka hapana ajuaye kuwa mlango ule wa jirani ulitoka pale.

Sisemi tujenge majumba ya makumbusho. Nasema tuchague karakana moja, tuache patasi zilipo na jina la mwenyewe mlangoni, kisha tumtie humo kijana mwenye mkono mwepesi achonge anachokitaka yeye, hata kama si mlango. Wazee watanuna mwanzoni, kama nilivyonuna mimi ngazini. Wapeni nafasi wapande mara ya pili.