Kilo 15 za ndege ndogo zinavyompima mpiga mbizi

ABIRIA anayetua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, akiwa na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, mara nyingi hana kosa. Tiketi yake ya kimataifa inamruhusu. Kasheshe huanza anapotoka Jengo la Tatu la abiria kwenda Jengo la Kwanza kupanda ndege ndogo ya Mafia au Pemba. Huko kiwango cha kawaida ni kilo 15, na baadhi ya mashirika huhesabu humo hata mkoba wa mkononi.

Kama tiketi hizo mbili zimenunuliwa mbalimbali, kila shirika hutumia kanuni zake. Ndege ndogo kuliko zote katika safari ndiyo inayoamua mzigo wa safari nzima.

Mashirika hayo hayafanyi hivyo kwa ukorofi. Ndege aina ya Cessna Caravan, inayofanya sehemu kubwa ya safari hizo, ina injini moja na viti kumi na kitu. Mizigo mingi huwekwa katika sanduku lililo chini ya tumbo lake, ndiyo maana abiria huombwa mabegi laini. Kilo inayoongezwa kwenye mzigo hupunguzwa kwenye mafuta au kwa abiria mwingine.

Sasa tufanye hesabu ya mpiga mbizi. (Neno "mzamiaji" lina maana nyingine kwa vijana wa jijini: yule anayejificha melini kwenda Ulaya.) Jaketi la kuelea lina kilo 3 hadi 4. Kifaa cha kupumulia, pamoja na mipira na geji zake, kilo 2 hadi 3. Suti ya mpira, kilo 2. Mapezi ya miguuni, kilo 2 nyingine. Miwani, tochi na kompyuta ya kuvaa mkononi, kilo 1. Jumla ni kilo 10 hadi 12, na hapo hata shati la kubadili halijaingia. Begi lenyewe likiwa na kilo 3, mizani imekwisha kujaa.

Hapo ndipo biashara ya kukodisha inapopata wateja. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukiwa mtupu una takriban kilo 14, kwa hiyo hakuna anayehangaika nao angani. Mkanda wa vipande vya madini ya risasi nao huachwa nyumbani. Vyote viwili hutolewa na kituo cha kupiga mbizi. Kwa mwenye kituo, swali ni kwamba mteja ataacha nini kingine. Wazoefu hubeba miwani inayowakaa usoni, kompyuta na kifaa cha kupumulia, na hukodi jaketi, suti na mapezi. Kwa hiyo anayeanza na mtaji mdogo, awe Msasani, Kunduchi au Kigamboni, ana sababu ya kununua kwanza jaketi za saizi zote kabla ya kufikiria vifaa vya kupumulia vya bei kubwa.

Yapo mambo ambayo hata kulipia mzigo wa ziada hakuyafungulii mlango. Mtungi uliojazwa hewa ya kupigia mbizi haupandi ndege ya abiria. Mtupu hukubaliwa na baadhi ya mashirika, valvu ikiwa imefunguliwa au kutolewa ili mkaguzi aone ndani. Betri za akiba za lithiamu huenda mkononi tu: hadi saa-wati 100 bila kibali, na kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika, zisizidi mbili. Tochi kali za chini ya maji zinaweza kuwaka begini na kuunguza, hivyo betri hutolewa kabla ya safari. Mgeni anayefungia suti mbichi kwenye mfuko wa plastiki wa dukani ajue pia kuwa Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu Juni 1, 2019, na marufuku hiyo inamhusu hata abiria.

Wakazi wa jijini wana nafuu. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyo hifadhi tangu 1975, hufikiwa kwa boti kutoka upande wa Kinondoni, na huko hakuna mizani. Aendaye Mafia na mzigo mzito anaweza kuupeleka kwa gari kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha kwa chombo cha majini hadi Kilindoni. Safari hiyo hula saa nyingi wakati ndege hutumia kama nusu saa, lakini mitungi haina haraka.

Saa zina gharama yake hata wakati wa kurudi. Mtandao wa kimataifa wa usalama wa wapiga mbizi, DAN, unashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza mgandamizo, na angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia au za siku kadhaa, kwa kuwa hewa nyepesi ya ndani ya ndege inaweza kufanya naitrojeni iliyobaki mwilini itoe mapovu. Hiyo ni siku moja zaidi ya hoteli, na wenye vituo hufanya vizuri kuitaja mapema kwenye bei.

Mzigo ukipotea katika safari ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unaweka ukomo wa fidia wa SDR 1,519 kwa abiria tangu Desemba 28, 2024. SDR ni kizio cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwenye vifaa vya thamani zaidi anaweza kutangaza thamani hiyo kaunta na kulipa nyongeza kabla ya kuondoka. Malalamiko huandikwa ndani ya siku 7 kwa mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu kukabidhiwa mzigo uliochelewa.