Sura ya Sita: Kufuma, Kufumua na Mfumo

Karani wa benki anapomwambia mteja kwamba mfumo haupatikani, hakuna kati yao anayefikiria uzi. Lakini neno hilo limetoka kwenye uzi. Mfumo umezaliwa na kitenzi kufuma: kwanza ulikuwa ni jinsi nyuzi zilivyopangika katika kitambaa, ndipo tukalichukua neno hilo kulipeleka kwenye elimu, siasa, malipo na kompyuta. Waliotuachia lugha hii waliuona mpangilio mkononi kabla ya kuuona ofisini.

Nimeanza na neno hili kwa sababu wanaoniuliza habari za kufuma huuliza maswali mawili kana kwamba hayana undugu. Je, ni kweli kunatuliza akili? Na je, ni kweli kunamzoeza mtu utaratibu? Kwangu mimi maswali hayo ni swali moja. Kufuma kunatuliza kwa sababu kuna hesabu, na hesabu yenyewe ni ndogo, inayotosha kushikwa na vidole kumi.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia kazi gani, maana kufuma ni neno pana. Mtu aliyeketi kwenye kitanda cha mfumi hutandaza nyuzi za mtande kwa urefu, kisha hupitisha mshindio kwa upana, na kitambaa huzaliwa nyuzi zinapopishana. Anayefuma vitambaa vya makochi hutumia sindano moja yenye ndoano, na kila kitanzi hukimaliza kabla ya kuanza kingine. Ninayemzungumzia katika sura hii ana sindano mbili ndefu na uzi mmoja tu. Vitanzi vyote vya mstari wake hukaa wazi juu ya sindano, vikisubiri zamu. Hiyo ndiyo kazi ya masweta, soksi, skafu na kofia za watoto wachanga.

Tendo lenyewe ni hili: sindano ya kulia inaingia ndani ya kitanzi kilicho kwenye sindano ya kushoto, uzi unazungushwa, unavutwa upite katikati, na kitanzi cha zamani kinaachiwa kishuke. Kitanzi kipya kimekaa mahali pake. Uzi ukivutwa kutoka nyuma ya kazi kuja mbele, utaona uso laini unaofanana na herufi V. Ukivutwa kwenda upande wa pili, utaona kivimbe kidogo kilicholala. Karibu mitindo yote ya kufuma imejengwa juu ya vitendo hivyo viwili. Tazama ukingo wa sweta lolote lililo karibu nawe, pale kiunoni au mkononi: V mbili, vivimbe viwili, V mbili, vivimbe viwili, safu juu ya safu. Mpangilio huo peke yake, bila mpira wala lastiki, unakifanya kitambaa kijivute na kujirudi.

Historia yake ni ndefu. Vipande vya zamani kabisa vya kazi hii vinavyojulikana vilipatikana Misri, vya pamba, vyeupe na vya buluu, vya karne za kati. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi, na tangu hapo mkono haukuwa tena na sababu ya kushindana kwa kasi. Masweta ya shule yanayovaliwa leo Njombe, Lushoto, Limuru na Eldoret kwa kawaida hutoka kwenye mashine. Anayekaa chini leo na sindano mbili hakai kwa sababu amekosa sweta la kununua. Anatafuta kitu ambacho mashine haitoi.

Kitu hicho nilianza kukijua Njombe, mwezi wa Julai, katika baridi ya kipupwe ambayo haisahauliki kwa mtu aliyezoea joto la Pwani. Shangazi yangu alikuwa amenianzishia skafu. Nilipofika karibu na nusu nikagundua kosa mistari kumi na minne chini: kivimbe palipotakiwa V, na kuanzia hapo kila kitu kimekwenda upande.

"Shangazi, nimeharibu."

"Uzi umekatika?"

"Hapana."

"Basi hujaharibu, mwanangu. Fumua mpaka ulipokosea."

Nilichomoa sindano nikavuta. Mistari kumi na minne ikafunguka kwa dakika moja, kimyakimya, na uzi wote ukarudi kwenye bonge kama ulivyokuwa. Kufuma tena kulichukua jioni nzima, lakini sikuwa na hofu tena. Ubao uliokatwa vibaya haurudi kuwa mrefu, na wali ulioungua haurudi kuwa mchele. Kazi ya sindano mbili, kwa kuwa ni uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, inarudi nyuma hadi hatua yoyote unayoitaka. Lugha yetu imeuweka ukweli huu katika herufi moja: fuma, fumua. Mtu anayeishi kwa wasiwasi wa kukosea, na wengi wetu tunaishi hivyo kazini na nyumbani, anapata hapa mahali ambapo kosa lina bei ndogo na inayojulikana. Naamini huu ndio mwanzo wa utulivu wa mfumaji.

Sehemu ya pili ya utulivu ni kurudiarudia. Mwaka 1975 Herbert Benson, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kuhusu namna mwili unavyotulia: mapigo ya moyo hupungua, pumzi huwa ya taratibu, misuli hulegea. Miongoni mwa masharti aliyoyataja, mawili ndiyo kiini. La kwanza ni kurudia neno, sauti au mwendo fulani. La pili ni kutopigana na mawazo yanapokuja, ila kuyaacha yapite na kurudi kwenye kile unachokirudia. Anayevuta tasbihi au kusali rozari anaijua njia hiyo bila kuambiwa na daktari. Mfumaji naye yuko katika njia hiyo hiyo: mwendo mmoja mara mia mbili kwa mstari, na wazo likimchukua, kitanzi kinachofuata kinamrudisha.

Mwaka 2013 jarida la Uingereza la tiba kwa shughuli lilichapisha utafiti wa Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris, waliowauliza wafumaji zaidi ya 3,500 kwa njia ya intaneti. Waliofuma mara nyingi zaidi kwa wiki ndio waliosema zaidi kwamba hujisikia watulivu na wenye furaha. Lazima tuusome kwa uangalifu. Waliojibu ni watu waliokwisha kuipenda kazi hii, na walijieleza wenyewe. Huwezi kutoka hapo ukaenda kumwambia mgonjwa wa sonona aache dawa ashike sindano. Lakini watu 3,500 wanapoeleza jambo linalofanana, linastahili kusikilizwa.

Dunia ilishuhudia mfano wa wazi zaidi kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mwingereza Tom Daley alishinda dhahabu ya kupiga mbizi akiwa na mwenzake Matty Lee, na siku chache baadaye kamera zikamkuta jukwaani, kati ya watazamaji, akifuma. Alikuwa amejifunza mwaka mmoja tu kabla. Medali yake aliifumia mfuko mdogo ili isikwaruzwe. Kwa wale wanaodhani kazi hii ni ya wanawake peke yao, Daley si wa kwanza: katika kisiwa cha Taquile, ndani ya ziwa Titicaca huko Peru, kufuma kofia kwa sindano ni kazi ya wanaume, na UNESCO imeitambua sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Wala tusidhani utulivu wa namna hii ni mgeni kwetu. Sindano mbili ziliingia kwa kiasi kikubwa pamoja na shule za misheni, hilo ni kweli. Lakini wanawake wa Pwani walikuwa na ukili tangu zamani: chane za ukindu zilizokaushwa na kutiwa rangi, zikasukwa mkanda mrefu, pima kwa pima, kisha mikanda ikashonwa pamoja iwe mkeka. Ukili husukwa uani huku mazungumzo yakiendelea. Macho hayahitaji kuuangalia kila wakati. Vidole vinajua chane ipi inafuata. Na bara, akina mama wa Ukambani wanajulikana kwa kusuka viondo huku wakitembea njiani. Mkono uliozoea hesabu huiacha akili ipumzike. Bibi zetu walilijua hilo, hata kama hawakuliita burudani.

Sasa tuje kwenye utaratibu, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wanaoanza wanapoangukia.

Sweta ni hesabu. Kabla ya kulianza, unafuma kipande cha majaribio, mraba wa kiasi cha sentimita 15, kwa uzi ule ule na sindano zile zile utakazozitumia. Unakifua, unakikausha, unakilaza mezani bila kukivuta, na unahesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Tuseme umepata 20. Unataka sweta lenye mzunguko wa kifua wa sentimita 100: unahitaji vitanzi 200. Lakini mkono wako ukiwa unakaza kidogo, ukapata 22 badala ya 20 na hukuhesabu, vitanzi vile vile 200 vitakupa sentimita 91. Tofauti ya vitanzi viwili, ambavyo jicho halivioni, imekula sentimita 9 za kifua. Uliyemkusudia hawezi kulivaa. Mimi niliwahi kumfumia kaka yangu sweta bila kipande cha majaribio, kwa miezi miwili ya jioni zangu, na likaishia kuvaliwa na mwanawe. Saa moja ya kipimo ingeniokolea miezi hiyo miwili.

Aliyeieleza hesabu hii vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910, akahamia Marekani na kuishi Wisconsin hadi alipofariki mwaka 1999. Aliwafundisha wafumaji waache kufuata maelekezo ya watu wengine kitanzi kwa kitanzi kama mateka. Chukua idadi ya vitanzi vya kifua, alisema, uiite asilimia 100. Sehemu nyingine zote zitatokana nayo. Mkono wa sweta kwenye kifundo cha mkono huwa kama asilimia 20, juu karibu na bega kama 35, shingo kama 40. Kwa vitanzi vyetu 200, hiyo ni 40, 70 na 80. Ukishaielewa, unaweza kumfumia mtu yeyote sweta, mtoto au baba yake, kwa uzi wowote, ukiwa na kalamu na karatasi. Huo ndio mfumo katika maana zake zote mbili.

Karatasi hiyo usiitupe. Nunua daftari dogo, na kwa kila kazi andika aina ya uzi, ukubwa wa sindano, matokeo ya kipimo na mstari uliofikia. Bandika humo karatasi ya uzi, maana ina namba ya mkupuo wa rangi. Viwanda hutia uzi rangi kwa mikupuo, na nyekundu ya mkupuo huu hailingani kabisa na nyekundu ya ule. Dukani huoni tofauti, lakini kifuani kwa mtu itaonekana kama mstari uliochorwa. Kwa hiyo nunua mabonge yote ya kazi moja siku moja, yenye namba moja.

Penye mistari mingi, funga uzi mfupi wa rangi nyingine kila baada ya mistari 10. Ukikatizwa na mlango kubishwa au mtoto kulia, unarudi na kuhesabu mafundo badala ya kuanza upya. Mtu aliyezoea kuweka alama hizo hujikuta anaziweka kwingine pia: kwenye matumizi ya nyumbani, kwenye masomo, kwenye kazi ya ofisi iliyokatizwa. Nimeliona hilo kwangu na kwa niliowafundisha.

Lipo pia la kuonya. Uzi hupendeza macho, na mfumaji hununua kuliko anavyofuma. Kabati likijaa mabonge na kazi zilizoachwa nusu, kile kilichokuja kukutuliza kinakuwa deni jingine linalokutazama kila ukifungua mlango. Sheria yangu ni kazi mbili tu kwa wakati mmoja: moja rahisi, ya kwenda nayo kwenye foleni ya hospitali au kwenye basi, na moja ngumu, ya usiku nyumba ikiwa kimya. Ya tatu haianzi mpaka mojawapo iishe au ifumuliwe. Kufumua kazi usiyoipenda si aibu; uzi wake utafaa kwa kitu kingine.

Na linda mikono. Kila nusu saa weka sindano chini, nyoosha vidole, zungusha vifundo. Mkono ukiuma, acha hadi kesho. Ukiona unashika sindano kwa nguvu hadi vidole vinakuwa vyeupe, bado hujatulia. Legeza mabega kwanza, mkono utafuata.

Ukitaka kuanza, usinunue uzi mweusi wala mwembamba. Tafuta bonge moja la uzi mnene wa rangi ya kung'aa, ili uone kila kitanzi, na sindano mbili za milimita 5. Anzisha vitanzi 20. Fuma mistari 10 kabla ya kulala, hesabu vitanzi, na kama havijabaki 20, vuta uzi uanze tena.