Gesi Inukayo na Sumu Isiyonuka

Gesi asilia tunayopikia hapa Texas haina harufu kwa asili yake. Ile ya yai viza hutiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, mashariki ya jimbo hili, gesi iliyovuja chini ya shule ililipuka ikaua watoto na walimu karibu 300. Haikunusika. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuitia harufu. Ukiinusa, usiguse swichi ya taa. Toka na watoto, upige simu ukiwa nje.

Lakini kaboni monoksaidi hainuki kamwe. Hutoka katika petroli, gesi au makaa yanayoungua pasipo hewa ya kutosha, nayo hutwaa nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, mtu akadhani ni mafua. Februari 2021, umeme ulipokatika kwa baridi kali, Houston walikufa watu kwa moshi wa gari lililowashwa gerejini ili kupata joto.

Sisi tumelizoea jiko la mkaa, ila kwetu lilikaa uani. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo. Jiko na jenereta vibaki nje, mbali na madirisha, na king'ora cha sumu hiyo kiwekwe karibu na vyumba vya kulala.