Tambi za Maji ya Kwanza

Ukilala Suzhou, nchini China, na kuamka saa tatu asubuhi, mlo ulio bora umekwisha kukupita. Wazee wa mji huo wa mifereji huwahi maduka ya tambi kunapopambazuka, nao wana sababu: wanataka tambi zilizochemshwa katika maji ya kwanza ya siku. Sufuria ikishatumika mara nyingi, maji huwa mazito kwa unga na tambi hutoka zikinata. Lu Wenfu, mwandishi aliyeishi Suzhou, aliliona jambo hili kuwa kubwa. Katika riwaya yake fupi ya 1983, mhusika mpenda kula hudamka kila siku kuyawahi maji hayo.

Unalipa kwanza kaunta, unapewa kikaratasi, unakipeleka dirishani jikoni. Bakuli huja na tambi nyembamba zilizolazwa sambamba kama nywele zilizochanwa, ndani ya supu nyekundu ya soya au supu nyeupe. Kitoweo, pengine kamba, samaki wa kukaanga au nguruwe, unaweza kuletewa kwenye kisahani chake. Unaketi penye nafasi, hata na usiowajua. Kwangu mimi, anayekula asubuhi hotelini alikolala ameinyima safari yake kitu kikubwa.

Yangzhou, kaskazini ya mto Yangtze, asubuhi haina haraka. Pale Fuchun, nyumba ya chai iliyofunguliwa 1885, watu huagiza chai, maandazi ya mvuke yaliyojazwa nyama, na tofu kavu iliyokatwa nyembamba kama uzi, kisha wakakaa wakizungumza. Sahani zote ni za meza nzima. Mwenyeji humtilia mgeni chakula kabla ya kujitilia mwenyewe, na mgeni asichomeke vijiti wima katika wali, kwa kuwa hivyo hufanana na ubani unaochomwa kwa ajili ya wafu.

Mwislamu ana kazi zaidi, maana nyama na mafuta ya nguruwe huingia hata katika vyakula visivyodhaniwa. Wafanyabiashara wetu waendao kununua bidhaa mjini Yiwu wanaijua dawa yake: herufi mbili, 清真, zisomwazo qingzhen, yaani halali, mara nyingi juu ya kibao cha kijani. Nanjing kuna Maxiangxing, mkahawa wa Kiislamu uliodumu tangu karne ya 19, katika mji unaopenda bata kuliko kuku. Kwingineko utakuta vijiduka vya tambi za Lanzhou, ingawa wamiliki wake wengi wametoka Hualong, jimbo la Qinghai. Mpishi hulivuta donge la unga kwa mikono, akalikunja, akalivuta tena hadi likawa nyuzi. Wewe unachagua unene. Juu ya supu ya ng'ombe hutiwa giligilani na mafuta ya pilipili. Na mgeni ambaye tangu ashuke kwenye ndege hajaelewana na mtu, akiingia na kusema "Asalaam aleikum", huitikiwa.